Wingu kwenye Ncha ya Kisu

Hakuwa na kibao mlangoni, kwa sababu waliomhitaji walimjua. Hakuwa na simu. Hakuwa na mke, miaka kumi na minane sasa, wala mtoto wa kumzaa. Hakuwa na ukucha wa kidole gumba cha kushoto; uliliwa na gurudumu la kung'arishia akiwa kijana na haukurudi. Hakuwa na subira na watu wanaosema kisu ni kisu tu. Hakuwa na moto, maana katika karakana ile moto ulikuwa kazi ya mwenzake, na mwenzake alikuwa amemtupa mkono mwaka uliopita. Na kwa miezi saba hivi hakuwa na hisia yoyote katika ncha za vidole vyake. Hilo la mwisho hakumwambia mtu.

Watu walimwita Msasa. Mwenzake aliitwa Moto. Ukisema nakwenda kwa Moto na Msasa, kila mtu alijua unakwenda kutengenezewa kisu, na wengine walidhani ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Walifanya kazi pamoja miaka thelathini na mmoja katika chumba cha mabati chenye milango miwili, wa mbele kwa wateja na wa nyuma kwa moshi. Moto alikifua chuma, akakipa umbo, akakikomaza. Alikipasha mpaka kikafika wekundu alioujua yeye, akakichovya kwenye mafuta, kisha akakirudisha kwenye joto dogo ili kisije kuvunjika kama kigae. Wekundu huo hakuwahi kumweleza mtu. Alisema ukiuona utaujua. Msasa alisimama hatua nne kutoka kwenye tanuri miaka yote hiyo, akiwa ameupa moto mgongo, kwa sababu naye alikuwa na kazi yake.

Kazi yake ilikuwa sura. Bapa la kisu lilitoka kwa Moto likiwa jeusi, lenye magamba kama mgongo wa samaki. Ndani lilikuwa kisu tayari, lakini usoni halikuwa kitu. Msasa alilisugua, akalilainisha, akalitia mng'aro, akalivisha mpini. Mteja alipoinua kisu kwenye mwanga na kusema "Aisee!", ile "aisee" ilikuwa ya Msasa. Kisu kilipokata miaka kumi bila kulalamika, hiyo ilikuwa ya Moto. Hawakuwahi kugombania kipi ni kikubwa, labda kwa kuwa kila mmoja alikuwa na jibu lake moyoni.

Kanuni yao moja ilikuwa hii: anayesimama kwenye gurudumu asivae glavu. Chuma kilichokwisha kukomazwa kinaogopa joto kurudi. Gurudumu la kung'arishia linazunguka kwa kasi, msuguano unaleta joto, na joto likizidi chuma kinalegea. Hapo hakina dawa, mpaka kirudi kwenye tanuri kianze upya. Kwa hiyo fundi analishika bapa kwa vidole vitupu. Vidole vikisema basi, analichovya kwenye ndoo ya maji. "Vidole vyangu ndiyo saa yangu," Msasa alipenda kusema, akiwaonyesha wateja mikono iliyokakamaa.

Daktari wa zahanati alimwambia ni sukari. Alimpa vidonge, akamwuliza kama anahisi miguu na mikono sawasawa.

"Nahisi vizuri kabisa," Msasa alisema, na vidonge akaviweka juu ya kabati.

*

Binti wa Moto alikuja asubuhi moja, kitambaa kichwani, begi la safari begani. Alikuwa mpishi katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Tangu utotoni alimwita Msasa Baba Mdogo, na hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyemwita baba wa namna yoyote.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Mpishi akikonda watu wanakimbia chakula chake."

"Wanakula mpaka wanaramba sahani."

"Basi unawapikia, wewe unanusa."

Kutoka upande wa pili wa ukuta wa mabati, Mama Soli, fundi viatu, alipaza sauti: "Mwache mtoto wa watu akae kwanza, we mzee! Hata maji hujampa!"

"Ukuta huu una masikio," Msasa alisema, "na masikio yenyewe yana mdomo."

Binti alicheka, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akafungua begi. Alitoa soksi ndefu ya mwanamume, na ndani ya soksi akatoa bapa la kisu. Halikuwa na mpini. Lilikuwa jeusi bado, na magamba yake. Karibu na shina palikuwa na nukta tatu zilizogongwa kwa patasi, alama ya Moto, ambaye hakujua kusoma na alitia saini ya nukta maisha yake yote.

"Mama alikuwa anasafisha chumba. Lilikuwa chini ya godoro upande wa Baba."

Msasa alilishika. Lilikuwa kisu cha mpishi, refu shubiri moja na nusu, limenyooka kama kauli ya mtu mkweli. Alikumbuka asubuhi zile za mwisho, Moto akitangulia kufika na kufunga mlango wa nyuma. Alidhani mwenzake anaficha kikohozi.

"Hili ni lako," alisema. "Amelipima kwa mkono wako."

Binti aliangalia sakafu.

"Baba Mdogo, nataka kukuuliza kitu, na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Siku ile msibani, Ami alisema mbele ya watu kwamba Baba alikuwa amekwisha kabla ya kufa. Kwamba visu vyake vya mwaka wa mwisho vilikuwa bati. Kwamba kuna mchinjaji alirudisha viwili."

"Alirudisha, nilivipokea mimi."

"Vilikuwa bati?"

"Yule mchinjaji anapasulia mifupa kwa kisu cha kuchunia. Hata ungempa..."

"Baba Mdogo. Nijibu."

Msasa alilibana bapa kwenye jiliwa, akachukua tupa ndogo kutoka ukutani.

"Sogea. Usitazame, sikiliza tu. Tupa ikikutana na chuma kilicholegea inauma. Ikikutana na chuma kilichokomaa haipati pa kushika." Alichukua msumari kwanza, akaupitishia tupa. Ilitoa sauti ya kukwaruza, nzito, na vumbi la chuma likadondoka. "Hiyo ni bati. Sasa hili."

Akaipitisha tupa kwenye makali ya lile bapa, kuanzia shina mpaka nchani. Tupa iliteleza. Ilitoa sauti nyembamba, safi, sawa tangu mwanzo hadi mwisho, wala halikudondoka vumbi lolote.

"Lete nifanye mwenyewe," binti alisema. Akafanya. Akarudia mara ya pili, taratibu, sikio lake karibu na chuma. Alipoinuka macho yake yalikuwa yamelowa, lakini alikuwa akitabasamu.

"Hakuwa amekwisha."

"Hakuwa."

"Basi nimalizie, Baba Mdogo. Mwisho wa mwezi nafungua jiko langu. Langu mwenyewe, meza saba. Ami amesema atakuja kula siku ya kwanza, ili aone kama nitaweza. Nataka nimpasulie samaki mbele ya macho yake kwa kisu hiki. Nataka anyamaze."

*

Msasa alishusha visu vitatu kutoka misumarini, akavipanga juu ya meza.

"Chagua sura. Hiki cha kwanza ni kioo. Jitazame."

Binti alijitazama ndani ya chuma, akarekebisha kitambaa chake.

"Hiki cha pili ni kijivu. Ni msasa wa mkono na maji baridi, mistari yote inaelekea upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Na hiki cha tatu ni cheusi. Unakichovya kwenye siki ya moto, chuma kinatoa rangi yake chenyewe."

"Cheusi," alisema mara moja. "Kama vya nyumbani. Visu vyote vya Mama ni vyeusi."

"Vya mama yako ni vyeusi kwa sababu baba yako alikuwa mwizi. Aliviondoa hapa kabla havijafika mezani kwangu."

"Cheusi hakionyeshi alama za vidole. Mimi nashika mafuta siku nzima."

"Cheusi ni cha kujificha. Watu hawajui kama kimetengenezwa au kimeokotwa. Meza saba, wageni wanakutazama, ami yako amekodoa macho, halafu unatoa kitu kama kaa la mkaa?"

"Kijivu basi. Ni katikati."

Kijivu kingemalizwa kwa mkono, bila gurudumu. Hata mtu asiye na vidole angeweza kukimaliza bila kulidhuru bapa. Msasa alilijua hilo wakati ule ule, akiwa amekishika kisu cha kijivu mkononi. Akakirudisha mezani.

"Kijivu ni cha mtu asiyejua anachotaka," alisema.

"Lakini mkono wa Baba umo ndani, hata kikiwa na rangi gani."

"Na wangu?"

Lilimtoka. Hakukusudia kulisema. Nyuma ya ukuta nyundo ya Mama Soli ilinyamaza. Binti alimtazama yule mzee kwa muda, mikono yake, nywele zake zilizojaa vumbi la chuma, kisha akakisukuma kisu cha kioo mbele yake kwa kidole kimoja.

"Fanya kioo, Baba Mdogo. Muwemo wote wawili."

Alipoondoka kwenda kituo cha basi, Msasa alimsindikiza mpaka kwenye kona, jambo ambalo hakumfanyia mteja hata mmoja. Alirudi amevimba kichwa. Akafagia karakana yote.

*

Siku tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Alisugua kwa mkono, msasa mkali kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, na maji. Magamba yalitoka, weusi ukatoka, kikabaki chuma cheupe kisicho na alama. Kazi ya mkono haileti joto la kudhuru. Angeweza kuifanya amefumba macho.

Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, akawasha gurudumu.

Alikuwa amelifikiria jambo lile. Kama vidole havisemi, kichwa kitahesabu. Angehesabu kumi, angelichovya bapa kwenye ndoo, angehesabu tena kumi. Alianzia shinani. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi, majini. Moja, mbili. Kioo kilianza kufunguka ndani ya chuma, kwanza kama ukungu, kisha akaona dirisha, akaona paji la uso wake mwenyewe. Aliona nukta tatu za Moto zikisimama wazi katikati ya mng'aro. Akatabasamu. Alifika katikati ya bapa, akahesabu kumi, akachovya. Akafika nchani, akahesabu kumi.

Nchani chuma ni chembamba, na chembamba kinapata joto upesi. Kila mng'arishaji analijua hilo. Lakini kwa Msasa lilikuwa likijulikana na vidole, si na kichwa. Miaka thelathini na mmoja vidole vyake vilipofika nchani viliondoka mapema vyenyewe, na hakuwahi kuviuliza vinahesabu ngapi. Kichwa hakikuwahi kufundishwa. Kichwa kilihesabu kumi.

"Msasa!" Mama Soli alipiga kelele kutoka upande wake. "Umebandika nyama bila kunialika?"

Ndipo naye akaisikia ile harufu. Alitazama. Ngozi ya kidole chake cha shahada ilikuwa nyeupe, imeinuka, na ilikuwa ikitoa harufu ya kuungua, na yeye hakuwa amehisi kitu. Kisha akatazama bapa. Nchani, upana wa vidole vitatu, rangi zilikuwa zikitembea kana kwamba mtu anazimwaga polepole: manjano ya majani makavu, hudhurungi, zambarau, na kwenye ncha kabisa samawati nzuri, safi, kama anga baada ya mvua.

Alilitumbukiza kwenye ndoo. Maji yalitoa mlio mfupi. Alijua tayari amechelewa. Rangi ile huja baada ya jambo kwisha.

"Uko salama?" Mama Soli aliuliza, amesimama mlangoni na kiatu cha mtu mkononi.

"Niko salama."

"Kidole chako..."

"Nimesema niko salama, mama."

Mama Soli alipoondoka, Msasa alilirudisha bapa kwenye gurudumu, akapitisha ncha mara nne kwa wepesi. Samawati ikafutika. Rangi ile ni nyembamba kuliko karatasi. Inakaa juu tu. Bapa lote sasa lilikuwa kioo kuanzia shina mpaka nchani, na hata fundi mwingine angelisifu. Akalibana kwenye jiliwa na kushusha tupa ukutani.

Kutoka shinani tupa iliteleza na kuimba vile vile. Ilipokaribia ncha, vidole vitatu kutoka mwisho, iliuma. Krrr. Vumbi dogo la chuma likadondoka kwenye meza aliyoifagia.

*

Kuna mambo mtu anayafanya ili baadaye asijiambie kwamba hakuyafanya. Msasa alichora kwa chaki mahali ambapo angeikata ile ncha iliyokufa. Kipande ambacho kingebaki kilikuwa kifupi na butu kama ulimi wa ng'ombe. Hakuna mpishi anayepasulia samaki kwa kitu kile, na ami angeuliza kama Moto alifua kisu akiwa usingizini.

Kisha akajaribu moto. Katika sanduku la Moto palikuwa na mapande mawili ya chuma kile kile, yaliyofuliwa lakini hayajakomazwa. Alipanga makaa, akavuta mvukuto, akaweka pande la kwanza ndani na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akageuka kuutazama wekundu. Ulikuwa mwekundu, kisha mwekundu zaidi, kisha wa machungwa. Upi? Alisubiri kuujua, kama alivyoambiwa. Akalichovya kwenye mafuta. Ndani ya mafuta ilisikika sauti ndogo, tik, na lilipotoka lilikuwa limepasuka katikati, ufa mwembamba kama unywele. La pili alilitoa mapema. Halikupasuka. Tupa ililiuma kama inavyouma msumari.

Akamwagia makaa maji. Alisimama mbele ya tanuri mpaka moshi ulipokwisha.

"Ungegeuka siku moja tu," alimwambia mtu ambaye hakuwapo. Kisha akatambua kwamba aliyepaswa kugeuka ni yeye.

Siku iliyofuata Mama Soli alimletea simu, amefunika kipaza sauti kwa kiganja. "Mtoto wako. Na umsalimie vizuri, leo una uso wa mtu aliyemeza mwiba."

"Baba Mdogo! Kimefikia wapi?"

"Kinang'aa."

"Kioo kabisa?"

"Unaweza kujipakia wanja."

Alisikia kicheko chake, na nyuma ya kicheko masufuria, na mtu akiuliza sukari iko wapi. "Nimekwisha kuandika kwenye ubao wa chakula, siku ya kwanza ni samaki. Nimempangia Ami meza ya mbele kabisa, karibu na mimi, asikose kitu."

"Mwanangu..."

"Naam?"

Mama Soli alikuwa akimtazama. Yule mchinjaji aliyerudisha visu alikuwa akipita barabarani na baiskeli yake.

"Kama basi litachelewa?" Msasa alisema.

"Halitachelewa. Na likichelewa nitakwenda kulisubiri mwenyewe. Baba Mdogo, asante. Unajua sina baba mwingine sasa."

Simu ikakatika. Msasa akamrudishia Mama Soli simu yake akiishika kwa viganja viwili, kwa kuwa siku hizi vitu vilimponyoka.

*

Alilivisha bapa mpini. Hiyo ilimchukua siku mbili, na kwa siku mbili hizo alikuwa na hakika kwamba atanyamaza. Mpini ulikuwa wa mti mweusi mgumu, misumari mitatu ya shaba. Kisu kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyowahi kumaliza; hakuwa akitia chumvi, kilikuwa kizuri kweli. Angekifunga, angekituma. Siku ya ufunguzi kingepasua samaki, maana hata chuma kilicholegea kinakata kikinolewa vizuri. Ami angenyamaza. Kila mtu angepata alichotaka.

Wiki ya pili ncha ingekuwa butu. Angeinoa. Baada ya siku tatu, butu tena. Wapishi hawadanganyiki kwa vitu hivyo. Siku moja, jiko likiwa limetulia, angekibana kisu mahali na kutafuta tupa. Angesogeza sikio. Nani aliyemfundisha kusikiliza? Na angeisikia ikiimba, ikiimba, kisha krrr, na angejua, peke yake, katikati ya masufuria yake, kwamba Ami alisema kweli: mkono wa Baba ulianza kufa, na ulifia pale pale, vidole vitatu kutoka mwisho wa kisu alichomfulia mwanawe.

Asingemfikiria Msasa hata kidogo. Hilo ndilo lililomvunja. Angeendelea kumwita Baba Mdogo mpaka siku ya kumzika, na angemfuta yule mwingine.

Msasa alifunga mlango wa mbele, saa nne ya asubuhi, wateja wawili wakiwa nje. Akapasha siki kwenye sufuria. Akakiosha kisu kwa sabuni kuondoa mafuta yote. Alikitazama kwa mara ya mwisho. Ndani yake palikuwa na mzee mwenye macho makavu na vumbi kwenye nyusi, na nyuma yake gurudumu. Kisha akakishika kwa mpini, akalizamisha bapa lote.

Mng'aro uliondoka kabla hajahesabu hamsini. Kwanza ukawa ukungu, halafu moshi, halafu kijivu kizito. Baada ya nusu saa alikitoa, akakisuuza, akakipangusa. Kuanzia shina bapa lilikuwa jeusi, weusi uliotulia, sawasawa, kama visu vya nyumbani kwa mama yake binti. Nchani palikuwa na wingu. Chuma kilichokufa kilikuwa kimeinywa siki kwa namna yake, kikatoa rangi nyingine, chafu, na mpaka wake ulipinda kama alama ya jasho kwenye shati lililokauka. Mtoto mdogo angeliona.

Mama Soli aliingia kwa mlango wa nyuma bila hodi.

"Watu wako nje wanapiga mlango kama polisi. Na hicho ndicho kisu cha mtoto? Si ulisema kioo?"

"Alitaka cheusi tangu mwanzo."

"Na hilo doa?"

"Langu."

Mama Soli alikitazama kisu, kisha akakitazama kidole cha Msasa kilichofungwa kitambaa, kisha akamtazama usoni. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi. Alivuta kigoda akakaa.

"Tangu lini, Msasa?"

"Miezi saba."

"Na mimi nakupa chai ya moto kila siku, nasema mzee huyu ana mikono ya chuma!" Alitaka kucheka ikashindikana. "Mtoto atasemaje?"

"Atasema alichonacho. Waambie hao walio nje waende. Waambie hapafunguliwi tena."

"Leo?"

"Siku zote."

Alichukua kisu kidogo, akaukata ukanda wa gurudumu. Ulikuwa mgumu, ilimchukua muda.

*

Barua aliiandika mara tatu. Barua zote za karakana zilikuwa zake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekwenda shule ya watu wazima jioni, na mwandiko wake ulikuwa mzuri, ulionyooka. Sasa kalamu ilimteleza, na ilimbidi aiangalie muda wote ili ajue bado anaishika. Ya tatu ilisema hivi:

*Mwanangu,*

*Soma kwanza, ndipo ufungue. Kisu hiki ni cheusi, kama ulivyotaka kabla sijakugeuza. Nchani utaona wingu, upana wa vidole vitatu. Hapo chuma kimekufa. Hakikufa mikononi mwa baba yako. Uliisikia tupa mwenyewe hapa mezani, mara mbili, mpaka mwisho. Nimekiunguza mimi kwenye gurudumu. Vidole vyangu vimekufa ganzi tangu miezi saba iliyopita, sikukwambia, na nikakushawishi uchague kioo kwa kuwa nilitaka nami niwemo.*

*Kilipokuwa kioo hakikuonekana kitu. Ningeweza kukituma hivyo. Nimekitia siki ili uone mahali alipoishia yeye na mahali nilipoanza mimi.*

*Siku ya Ami, bana kisu, mpe tupa mkononi. Mwambie aanzie kwenye nukta tatu na aishie wingu linapoanza. Sauti yote atakayoisikia hapo ni moto wa baba yako. Samaki mpasulie kwa kisu kingine.*

*Sijui kukirekebisha, na simjui anayejua. Nilikaa na anayejua miaka thelathini na mmoja nimempa mgongo. Karakana nimeifunga. Usinijibu kwa huruma, na usipojibu nitaelewa.*

*Msasa.*

Alifikiria kuandika "Baba Mdogo" pale mwisho. Aliacha.

Posta palikuwa na foleni ndefu. Alisimama na boksi lake, kisu ndani kimevishwa ala ya ngozi aliyoishona Mama Soli, kamba imefungwa tayari, na nafasi ya barua chini ya kamba, juu kabisa, ili iwe kitu cha kwanza. Alipofika dirishani alitia barua ndani ya bahasha. Akailamba gundi. Akakandamiza kifuniko kwa kidole gumba, akapitisha kidole kutoka upande mmoja hadi mwingine, mara moja, mara mbili. Hakuhisi karatasi. Hakujua kama imeshika.

Nyuma yake mtu alikohoa.

"Samahani," alimwambia karani, akaisukuma bahasha chini ya dirisha. "Niangalizie. Imeshika?"

Karani alipitisha ukucha wake pembeni.

"Imeshika, mzee."

"Basi iende."

Karani aliichomeka chini ya kamba, akagonga muhuri kwenye boksi, akagonga tena kwenye bahasha, akavitupa vyote pamoja ndani ya gunia.